Ukimtafuta babu wa Ayalandi, anza na ndugu zake

Tarehe 1 Januari, 1892, binti wa miaka 17 kutoka Kaunti ya Cork alishuka kisiwani Ellis, katika bandari ya New York, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume, Anthony na Philip. Jina lake lilikuwa Annie Moore. Siku hiyo kituo cha wahamiaji kilikuwa kinafunguliwa, naye akawa wa kwanza kuandikwa katika daftari lake. Wakubwa wa kituo wakampa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Leo ana sanamu kisiwani pale, na nyingine iko Cobh, bandari aliyoondokea, ambayo zama zile iliitwa Queenstown.

Kwa miaka mingi maisha yake ya baadaye yalisimuliwa hivi: alihamia Texas, akaolewa huko, na mwaka 1923 akagongwa na tramu akafa. Jamaa za mwanamke huyo wa Texas walialikwa kwenye hafla za kumbukumbu kama wenye marehemu. Kisha mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak akagundua katika karatasi za sensa kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani hapohapo. Mwaka 2006 akatangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayemwonyesha Annie wa kweli. Jibu likapatikana katika muda wa wiki chache, tena kwa kumfuata mtu mwingine kabisa. Mkuu wa nyaraka wa Jiji la New York alikuta hati ya uraia ya Philip, yule mdogo wake, na kupitia kwa Philip nyumba nzima ikajulikana. Annie hakwenda Texas. Aliishi katika mitaa ya makabwela ya Lower East Side, akaolewa na mtoto wa mhamiaji wa Kijerumani, akazaa watoto wasiopungua 10 na kuwazika wengi wao wakiwa wadogo. Alifariki mwaka 1924 akazikwa katika makaburi ya Calvary, Queens, kwenye kaburi lisilo na jiwe. Jiwe lilisimamishwa mwaka 2008, na vizazi vyake vya kweli vikawapo.

Nimeanza na Annie kwa sababu habari yake imebeba hoja yangu. Marekani peke yake, zaidi ya watu milioni 30 hujitaja kuwa na asili ya Ayalandi, na wengine wengi wako Uingereza, Kanada na Australia. Wanapoamua kutafuta asili yao, karibu wote huanza kwa kupanda: baba, babu, baba wa babu, wakitumaini kwamba huko juu kabisa wataonana na mfalme au shujaa fulani. Mimi nasema njia hiyo mara nyingi huishia ukutani, na hata isipoishia ukutani, humwachia mtafutaji orodha ya majina ya marehemu. Njia inayofika ni ile ya kupita pembeni, kwa kaka aliyebaki nyumbani, shangazi aliyetangulia ng'ambo, wasimamizi wa ubatizo na majirani wa kitongoji. Kwa utafiti ndiyo njia iliyo bora. Kwa utu pia ndiyo iliyo bora, maana mwisho wake wapo watu walio hai.

Kumbukumbu zilizoungua na zilizosagwa

Sababu ya kwanza ya kupita pembeni ni kwamba barabara kuu ilivunjwa. Kando ya mto Liffey jijini Dublin yapo majengo ya mahakama yanayoitwa Four Courts, na humo ndimo ilimokuwa Ofisi ya Kumbukumbu za Umma. Aprili 1922 wapiganaji waliopinga mkataba na Uingereza waliyateka. Tarehe 28 Juni jeshi la serikali mpya likaanza kuyapiga kwa mizinga, na tarehe 30 ukatokea mlipuko uliofuatwa na moto. Kumbukumbu za karne saba ziliteketea. Vipande vya karatasi vilipeperuka juu ya jiji na watu wakaviokota mitaani. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zilitoweka isipokuwa mabaki machache. Wasia za watu wa vizazi na vizazi ziliungua pamoja nazo, na zaidi ya nusu ya madaftari ya Kanisa la Ayalandi, yaani la Kianglikana, ambayo serikali ilikuwa imetaka yahifadhiwe.

Ila moto haukufanya kazi hiyo peke yake. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali baada ya takwimu kuchukuliwa. Zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, karatasi ilipoadimika. Mzinga una kisingizio cha vita. Ofisa aliyeona kwamba jina la mkulima halina kazi tena likishajumlishwa hana kisingizio, na hasara aliyowatia wajukuu wa mkulima yule ni kubwa sawasawa na ya moto. Matokeo yake ni kwamba sensa za kwanza zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911. Ya 1921 haikufanyika kwa sababu ya vita vya uhuru. Ya 1926, ya kwanza ya taifa lililojitawala, ilifungwa kisheria kwa miaka 100.

Mtu anaweza kukata tamaa hapo. Asikate, maana maskini waliacha alama mahali wasipotarajiwa. Mwaka 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya pensheni ya wazee, na tangu Januari 1909 aliyetimiza miaka 70 aliweza kulipwa hadi shilingi 5 kwa wiki. Ayalandi ikakutwa na tatizo. Uandikishaji wa vizazi kwa watu wote ulianza mwaka 1864 tu, kwa hiyo hapakuwa na mzee wa umri huo mwenye cheti cha kuzaliwa. Wazee wakawaomba makarani wa Dublin wawatafute kwenye sensa ya 1841 au 1851, walipokuwa watoto mikononi mwa mama zao. Mzee alitaja jina la baba, jina la mama kabla hajaolewa, na kitongoji walichoishi. Karani alipekua, akajaza kwenye fomu alichokikuta. Miaka michache baadaye sensa yenyewe ikaungua, lakini fomu hizo nyingi zimesalia. Kwa baadhi ya familia, ushahidi pekee kwamba waliishi chini ya paa moja mwaka 1851 ni karatasi ya bibi kizee aliyekuwa anadai shilingi zake.

Hata hazina yenyewe iliyoungua inajengwa upya. Tangu mwaka 2022, wanahistoria wakiongozwa na Chuo cha Trinity cha Dublin wameweka kwenye intaneti nakala na muhtasari wa nyaraka zilizopotea, zilizokusanywa kutoka hifadhi za nchi mbalimbali. Kazi hiyo nayo imepita pembeni. Wameijaza rafu iliyoteketea kwa barua ambazo ofisi ya Dublin iliandikia ofisi nyingine, na kwa nakala ambazo mtu fulani alizichukua kwa sababu zake mwenyewe zamani.

Kitongoji, mama na wasimamizi

Makaburi ya Boston na Chicago yamejaa mawe yanayotaja kaunti ya Ayalandi na kuishia hapo: Mayo, Kerry, Galway. Kaunti ni 32 tu. Chini yake kuna parokia za kiserikali zipatazo 2,500, na chini ya parokia kuna vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vya kaya chache tu. Bila kitongoji, kumtafuta Patrick Sullivan wa Cork ni kazi ya kukisia. Ukikipata kitongoji, milango inaanza kufunguka. Unakwenda kwenye tathmini ya Richard Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864 kwa ajili ya kodi, na unamkuta kila aliyekalia shamba au nyumba, jina la mwenye ardhi, ukubwa wa shamba, na namba inayolionyesha kwenye ramani.

Madaftari ya Kanisa Katoliki hayakuungua Four Courts, kwa kuwa serikali haikuyahesabu kuwa nyaraka za dola. Yalibaki parokiani mikononi mwa mapadre. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliziweka wazi picha za kurasa za madaftari hayo zaidi ya 370,000, bure, kwa mtu yeyote popote alipo. Naona huo ni uamuzi wa heshima kubwa. Watoto wa watu walioondoka hawana kitu hawapaswi kuuziwa majina ya bibi zao.

Fungua ukurasa mmoja wa miaka ya 1830. Wino umegeuka kahawia na kona moja ina doa la maji. Padre ameandika kwa Kilatini, tena kwa haraka: tarehe, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama kwa ukoo wa kwao, wasimamizi wawili, na alipokuwa mwangalifu, kitongoji. James ameandikwa Jacobus, William ameandikwa Gulielmus, Bridget ameandikwa Brigida. Jina la ukoo limeandikwa lilivyosikika, na kwa mtoto anayefuata wa nyumba hiyohiyo limeandikwa vingine. Macho ya mgeni hukimbilia jina la baba. Aliyezoea huanza na mama na wasimamizi. Mama akiandikwa kwa jina la kwao, unazo koo mbili kwa mkupuo mmoja. Wasimamizi nao kwa kawaida walikuwa mjomba, ami, shangazi au mama mdogo. Nyumba yenye watoto saba ina wasimamizi 14. Wapange mstari mmoja, na ukoo utakaa mbele yako wote, wakiwemo wale ambao hakuna karatasi nyingine inayowataja.

Utaratibu wa kurithisha majina nao husaidia. Familia nyingi zilimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza alichukua jina la bibi mzaa mama, na wa pili jina la bibi mzaa baba. Ukiwa na orodha ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kuhisi majina ya babu na bibi kabla hujayakuta kwenye maandishi. Desturi hiyohiyo ni mtego. Ndugu watano wenye baba aitwaye Michael kila mmoja atamwita mwanawe Michael, na kitongoji kitakuwa na akina Michael watano wa rika moja na ukoo mmoja. Atakayekutofautishia ni mama zao na wasimamizi wao.

Jina moja si undugu, na hili lazima lisemwe kwa nguvu. Waganda wanamkumbuka Mama Kevin, mtawa wa Kifransisko aliyefika kwao mwaka 1903 na kuanzisha shirika la masista wa Kiafrika huko Nkokonjeru mwaka 1923. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney, wa Kaunti ya Wicklow. Babu wa Kiayalandi wa Rais mstaafu Barack Obama naye alikuwa Kearney, wa Kaunti ya Offaly. Ingependeza mno kuwaunganisha mtawa wa Uganda na mtoto wa Mkenya, na ndiyo maana mtu hapaswi kufanya hivyo bila ushahidi. Annie wa Texas alizaliwa kwenye hamu ya namna hiyohiyo.

Walioondoka waliacha maswali

Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi, na hadi 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wameondoka. Kisiwa kilichokuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 hakijaifikia tena idadi hiyo mpaka leo. Hata njaa ilipopita, kuondoka kuliendelea kizazi baada ya kizazi. Shamba lilirithiwa na mtoto mmoja, wengine wakakatiwa tiketi. Usiku wa mwisho familia ilikesha na anayesafiri kama inavyokesha na maiti, wakila, wakiimba na kulia, na mkesha huo ukaitwa kwa jina la Amerika. Wazazi wengi hawakumwona tena mtoto waliyekesha naye.

Lakini walioondoka hawakunyamaza. Kuanzia 1831 hadi 1921, gazeti la Boston Pilot lilichapisha matangazo ya kutafuta jamaa waliopoteana. Mke alimtafuta mumewe aliyekwenda kujenga reli, mama alimtafuta binti aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, kaka alimtafuta kaka. Ili mtu atambulike, tangazo lilitaja kaunti, parokia, mara nyingi kitongoji, pengine jina la meli na mwaka wa kufika. Makumi ya maelfu ya matangazo hayo leo yanasomeka kwa urahisi, na mengi yana habari ambazo hazikuandikwa kwingine kokote.

Jijini New York ilianzishwa mwaka 1850 benki ya akiba ya wahamiaji, Emigrant Savings Bank. Wateja wake wengi hawakujua kuandika hata majina yao, kwa hiyo benki ikahitaji njia ya kumtambua mwenye akaunti akija kuchukua fedha. Makarani walimuuliza maswali wakaandika majibu kwenye daftari: umezaliwa parokia gani, wazazi wako ni akina nani na wako wapi, ndugu zako wangapi na majina yao, ulikuja kwa meli gani, umeoa nani. Madaftari hayo yamehifadhiwa. Mchukuzi wa bandarini aliyeweka dola chache ameacha maelezo ya nyumba yao kamili kuliko ya watu wengi waliokufa matajiri. Angalia karani alivyofahamu: ukitaka kujua mtu ni nani, muulize ndugu zake.

Kutoka jina hadi mlangoni

Ukishajua kitongoji na ndugu wa babu yako, kazi iliyo muhimu kuliko zote inaanza, nayo ndiyo wengi huikimbia. Ni kumtafuta aliye hai. Ayalandi ina chombo cha ajabu cha kukufikisha. Baada ya tathmini ya Griffith, serikali iliendelea kurekebisha vitabu vyake kila wakaliaji walipobadilika. Jina la aliyetoka lilikatwa, la aliyeingia likaandikwa juu yake, na miaka tofauti ikatumia wino wa rangi tofauti. Ukikifuata kiwanja kimoja, utaona babu amekatwa kwa wino mwekundu, mjane wake ameingia, kisha mwana, kisha mtoto wa mwana, hadi katikati ya karne ya 20. Aliyekaa pale ni kizazi cha yule ndugu aliyebaki. Huyo ni jamaa yako, na pengine mpaka leo anakamua ng'ombe katika shamba lilelile.

Mifano mikubwa inajulikana. Juni 1963, Rais John F. Kennedy alikwenda Dunganstown, Kaunti ya Wexford, kwenye shamba ambalo Patrick Kennedy, baba wa babu yake, aliliacha wakati wa Njaa Kuu, akanywa chai na binamu zake uani. Tarehe 1 Septemba, 2009, Muhammad Ali, akiwa tayari amedhoofishwa na maradhi, alifika Ennis, Kaunti ya Clare, mji alikozaliwa Abe Grady aliyehamia Kentucky na kumwoa mwanamke Mweusi. Ali alikuwa kitukuu chake. Watu walifurika barabarani kumpokea bondia Mweusi, Mwislamu, kama mtoto wa nyumbani, kwa sababu nasaba yake upande wa mama ilipita pale.

Mfano unaotugusa sisi ni wa Obama. Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliondoka Moneygall, Kaunti ya Offaly, mwaka 1850. Obama ni kilembwekeza chake. Mwaka 2007 Smolenyak, mtafiti yuleyule wa Annie Moore, aliifuata familia hiyo hadi Moneygall, na kasisi wa Kianglikana wa pale, Stephen Neill, akathibitisha kwa madaftari ya parokia. Tarehe 23 Mei, 2011, Obama alikwenda mwenyewe, akakutana na jamaa ambao undugu wao unaungana vizazi vingi nyuma. Upande wa baba mambo yalikwenda vingine. Kogelo, Siaya, hapakuhitajika daftari. Dada yake Auma alimpokea Nairobi na kumtambulisha kwa shangazi, wajomba na ndugu, na bibi yake Mama Sarah akamsimulia ukoo kizazi kwa kizazi, kama alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1995. Mtu mmoja, koo mbili, na pande zote mbili njia ilipita kwa ndugu. Tofauti ni kwamba Kogelo mnyororo wa wasimuliaji ulikuwa haujakatika, ilhali wa Moneygall ulikatwa na bahari kwa zaidi ya miaka 150 na ikabidi karatasi iusemee.

Hata Waayalandi wenyewe wameanza kulitazama jambo hili kwa kuligeuza. Mpango wa Ireland Reaching Out, ulioanzia Kaunti ya Galway, unawatumia watu wa kujitolea katika parokia kuwatafuta vizazi vya walioondoka na kuwaalika, badala ya kungoja wageni wabishe hodi. Naupenda mpango huo kwa sababu umeondoa mzigo kwa mjukuu aliye mbali na kuukumbusha upande uliobaki kwamba nao uliachwa na watu wake.

Adabu ya kubisha hodi

Kubisha hodi kuna adabu zake. Barua ya kwanza iwe fupi. Jitambulishe, taja babu yenu mnayekutana kwake, eleza ushahidi wako, na upeleke nakala ya ulichokipata bila kuombwa. Usiulize habari za shamba. Katika nchi ambayo ardhi ndogo ilipiganiwa kwa karne nyingi, jamaa kutoka ng'ambo anayeuliza mipaka huamsha hofu ya zamani kwamba amekuja kudai urithi. Uliza habari za wazee na picha za ukutani. Uliza nani alikuwa akituma fedha kutoka Amerika na lini barua zilikoma. Na wasipokujibu, waache. Undugu humpa mtu haki ya kusalimu, haumpi haki ya kuitikiwa.

Vipimo vya vinasaba vimezidisha ulazima wa adabu hiyo. Mamilioni wametema mate kwenye kichupa na kuletewa asilimia: Ayalandi kiasi hiki, Uskoti kiasi kile. Asilimia hizo hazina jina wala anwani. Chenye thamani ni orodha ya watu mnaoshiriki vinasaba, na hata hiyo inahitaji mti wa ukoo uliochanua pembeni. Watu wanaokutana kwa babu wa babu mara nyingine hawashiriki kipande chochote kinachopimika, kama mmoja katika kila kumi, kwa hiyo kutoonekana kwenye orodha si kukanwa. Upande mwingine, orodha hiyo hufichua kilichofichwa, kama baba asiye baba, au mtoto aliyetolewa kimya kimya. Anayekiona kwanza asikitangaze. Amwendee mhusika peke yake, kwa upole.

Na Ayalandi kilichofichwa ni kingi. Katika karne ya 20, wasichana waliopata mimba nje ya ndoa walipelekwa kwenye nyumba za akina mama na watoto, na takriban watoto 2,000 walisafirishwa Marekani kuasiliwa. Katika mji wa Tuam, Kaunti ya Galway, mwanahistoria wa mtaani Catherine Corless alijilipia mwenyewe vyeti vya vifo vya watoto wa nyumba iliyokuwapo pale kati ya 1925 na 1961. Alikuta watoto 796 wasio na kaburi linalojulikana. Mwaka 2017 tume ya serikali ilithibitisha kuwapo mabaki ya binadamu chini ya ardhi, mwaka 2021 serikali ikaomba radhi, na mwaka 2025 ufukuaji ukaanza. Tangu Oktoba 2022, chini ya sheria mpya, walioasiliwa wana haki ya kupata vyeti vyao vya kuzaliwa na habari za mama zao. Wazee wa miaka 70 na 80 wamegundua walikuwa na kaka au dada ambaye nyumbani hakuwahi kutajwa. Hakuna babu wala mfalme anayetafutwa pale. Kinachotafutwa ni ndugu wa tumbo moja, na dola ndiyo iliyokuwa na deni.

Wako wanaotafuta asili ya Ayalandi kwa sababu ya pasipoti, maana sheria humruhusu mwenye babu au bibi aliyezaliwa kisiwani kuomba uraia, na tangu Uingereza ilipopiga kura kuondoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016 maombi yameongezeka sana. Siwalaumu, ila wasiishie kwenye cheti cha babu. Kama cheti kimewapa nchi, wasikubali nchi hiyo iwe haina mtu hata mmoja wanayemfahamu.

Kwa hiyo anayekaa chini leo kuanza, asichore mstari mmoja wa kwenda juu. Achore nyumba nzima: watoto wote, waliobaki na waliokwenda, wake na kwao, wasimamizi na majirani. Na akishapata jina la jamaa mmoja aliye hai, amwandikie kabla hajatafuta jina lingine la marehemu. Madaftari ya 1830 yatakuwapo mwaka kesho na mwaka utakaofuata. Shangazi wa miaka 90 kule Mayo, anayejua barua ya mwisho kutoka Chicago ilisema nini na kwa nini haikujibiwa, anahitaji kuulizwa mwaka huu.